Kijana ajiamini kwa lipi? Kikundi cha wiki 12 kinachoanza na tuta la mchicha

Kijana akikutwa na msokoto wa bangi, au akiuza simu ya mama yake ili abeti, watu wazima husema "huyu hajiamini", na dawa inayoletwa ni semina. Vijana sitini kwenye viti vya plastiki wanaambiwa warudie kwa sauti: "Mimi ni wa thamani!" Wanarudia. Soda inagawiwa, picha zinapigwa. Jumatatu kijiwe kiko palepale na watu ni walewale.

Njia hiyo imeshajaribiwa kwa ukubwa kuliko wetu. Mwaka 1986 jimbo la California, Marekani, liliunda kikosi kazi kizima cha kukuza hali ya kujithamini, likitarajia kupunguza uhalifu, dawa za kulevya na mimba za utotoni. Mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipopitia tafiti zilizokuwepo mwaka 2003, walikuta kwamba kumfanya kijana ajione bora, peke yake, hakumzuii kuvuta sigara, kunywa pombe wala kuanza ngono mapema. Anayejiona sana anaweza hata kuthubutu zaidi. Kinachofaa zaidi ni kile alichokieleza mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977: imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, na chanzo chake kikuu ni kuwahi kulifanya mwenyewe hadi likakamilika. Kwa hiyo hapa kazi inatangulia, sifa inafuata, na maneno ya kukataa yanafanyiwa mazoezi kama mpira unavyofanyiwa mazoezi.

Mwongozo ni wa kikundi cha mtaani, vijana wa miaka 13 hadi 16. Mzazi asiye na kikundi achukue sehemu za sifa, kukataa na bipu. Zinafanya kazi hata kwa mtoto mmoja sebuleni.

Kabla ya kuwaita

Chukua vijana 15. Wakizidi 18 wapole wanajificha nyuma ya waongeaji. Wakiwa chini ya tisa, wawili wakikosa siku moja kikundi kinapwaya.

Usikusanye watukutu peke yao. Hili ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote. Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walionyesha mwaka 1999 kwamba kuwaweka pamoja vijana wenye tabia za hatari kunaweza kuzikuza tabia hizo: mmoja anasimulia alivyotoroka, wengine wanacheka, na kile kicheko ndiyo tuzo. Kati ya 15, wenye sifa mbaya mtaani wasizidi wanne, na kila mmoja afanye kazi kwenye tuta lake. Tangazo liseme "kikundi cha bustani". Ukiandika "vijana walio katika mazingira hatarishi" umeshawabandika jina kabla hawajashika jembe, na mwenye akili zake hatakuja.

Wawezeshaji wawe wawili, mwanamke na mwanamume. Mtu mzima asibaki na kijana mmoja mahali pasipoonekana, na asichati naye faragha. Ujumbe wote upite kwenye namba ya mzazi. Mwenyekiti wa mtaa ajue, mzazi atie saini. Mwezeshaji anayeona masharti haya ni usumbufu, mwache.

Ratiba: Jumamosi saa tisa alasiri hadi saa kumi na nusu, pamoja na zamu za kumwagilia. Waulize kwanza akina mama kuhusu hiyo saa tisa. Wasichana wengi saa hiyo wako kisimani au jikoni, na ukiipanga bila kuuliza utabaki na kikundi cha wavulana, kisha useme wasichana hawana mwamko.

Kwa Tanzania, msimu mzuri wa kuanza ni baada ya mtihani wa darasa la saba. Mtihani unafanyika Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari, na miezi hiyo katikati mtoto wa miaka 13 au 14 hana daftari, hana kengele wala hana anayemuuliza alikuwa wapi. Wa kidato cha nne wana pengo refu zaidi, kutoka Novemba hadi Julai kidato cha tano kinapoanza, lakini hao ni wakubwa na wanahitaji kikundi chao, chenye kazi ya kipato zaidi.

Wiki ya 1 hadi ya 4: kazi yenye mwisho unaoonekana

Chagua kazi inayoisha ndani ya mwezi, ambayo hata mpita njia anaona kama imefanyika au haikufanyika. Mchicha ni mzuri kwa sababu unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na kwa sababu unaweza kuharibika. Kazi isiyoweza kuharibika haimjengi mtu.

Vifaa: majembe matatu, reki moja, ndoo mbili za lita 20, makopo yaliyotobolewa ya kumwagilia, mbegu, na kaunta buku moja. Chimbeni matuta matano, kila moja mita 1 kwa mita 5, vijana watatu kwa kila tuta. Watatu ni namba yenye hila: wakiwa wawili, mmoja akiugua tuta linakufa, wakiwa watano, wawili wanakuwa watazamaji.

Kila tuta lichanganywe madebe matatu ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche, na kijana ataona miche yake ikinyauka asijue kosa liko wapi. Chora mistari sentimita 20 kutoka mmoja hadi mwingine, kina kisizidi sentimita moja. Mbegu za mchicha ni ndogo kama punje za mchanga, kwa hiyo changanyeni kijiko kimoja cha mbegu na kopo la mchanga mkavu, mnyunyize, mfunike kidogo, kisha mtandaze nyasi juu. Zikianza kuota, siku ya tatu hadi ya tano, nyasi ziondolewe. Zikichelewa kuondolewa, miche inakuwa mirefu, myeupe na inalala. Mwagilieni asubuhi na jioni. Karibu na siku ya 12 punguzeni miche iliyosongamana, na hiyo iliyong'olewa ni mboga ya kwanza: kila kijana arudi nyumbani na fungu, hata kama ni dogo la kuchekesha.

Hapo kuna kitu hakionekani kwenye semina. Mtoto aliyezoea kuitwa mzigo ameweka mboga kwenye meza ya kwao, na baba amekula.

Kutakuwa na tuta litakaloshindwa. Mara nyingi ni kuku, au sisimizi wamebeba mbegu, au zamu ya Jumatano haikufanyika. Usilifufue usiku kwa siri. Siku ya kikundi simameni mbele yake na muulize maswali matatu tu: kimetokea nini, kilianza lini, tuta la jirani walifanya nini tofauti. Swali la "nani" lisiulizwe mbele ya watu. Wenye tuta wapewe mbegu tena siku hiyohiyo. Kijana ambaye ameshindwa, akajua sababu, akarudia na kuvuna, ana kitu ambacho aliyefaulu mara ya kwanza hana.

Pesa ya mauzo iandikwe kwenye kaunta buku: tarehe, mafungu, bei, aliyepokea, aliyeshuhudia. Safu ya "aliyeshuhudia" isikose hata kama ni shilingi mia tano. Majukumu ya mhazini, mtunza zana na msimamizi wa maji yazunguke kila wiki mbili, lakini mpole kupita kiasi usimfanye mhazini wiki ya kwanza. Mpe kwanza funguo za stoo. Aliyewahi kuiba naye apate zamu ya uhazini, akiwa na shahidi kama wenzake wote. Ukimruka yeye peke yake, kikundi kizima kimeelewa unamwonaje.

Sifa: sema ulichokiona

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto maswali ya kupima akili, kisha wakasifu baadhi yao kwa kuwa na akili na wengine kwa kujitahidi. Waliosifiwa akili walichagua maswali rahisi yaliyofuata, na walipokutana na magumu walishuka. Sababu si ngumu kuiona: ukishaitwa mwenye akili, swali gumu linakuja kukuvua cheo.

Kwa hiyo "wewe ni kipaji, wewe ni kiongozi wa kesho" viache. Sema: "Umepalilia mistari minne na hakuna mche ulioukata." Au: "Jana mvua ilinyesha na bado ulikuja kuangalia mifereji." Sifa ya namna hii haiwezi kupingwa, kwa sababu mistari iko pale na inahesabika. Kwa mkutano mmoja, kila kijana apate sifa moja ya aina hiyo. Zikizidi zinakuwa njugu za kutupia kuku. Ukirudi nyumbani hukumbuki la kusema kuhusu kijana fulani, basi hukumwangalia, na wiki ijayo anza na yeye.

Kukosoa kufuate kanuni ileile. "Maji hayakufika mwisho wa tuta" ni tofauti na "wewe mzembe". Majina kama kichwa maji, zoba na bonge yakatazwe siku ya kwanza, hata yanaposemwa kwa utani, na mwezeshaji awe wa kwanza kuyaacha. Wazazi nao waambiwe waziwazi: sentensi inayoanza na "mwenzako wa kwa mama fulani..." haijawahi kumhamasisha mtoto. Inamfundisha kumchukia mtoto wa mama fulani.

Wiki ya 5 hadi ya 9: mazoezi ya kukataa

Sasa mna kikundi kinachoaminiana kiasi cha kuchekana bila kuumizana. Mapema kuliko hapo mazoezi haya yanakuwa maigizo ya shule.

Katika mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliona mwaka 2005 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 16 walichukua hatari nyingi zaidi wenzao walipokuwa wakitazama kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima hali hiyo haikujitokeza. Kijana anayejibu vizuri ofisini kwako anaweza asijibu hivyo mbele ya wenzake watatu. Mazoezi yafanyike kwa kusimama, wengine wakitazama na kupiga kelele.

Jibu lina sehemu mbili: hapana fupi, na miguu. Sababu haitolewi. Ukisema "mama atanigombeza", unajibiwa "mama yako yuko wapi hapa?" Sababu ni kamba unayompa mwenzako akuvutie.

"Mrembo, panda nikufikishe, sitaki hela."
"Hapana kaka, natembea."
"Acha ushamba, jua lote hili?"
"Natembea." Na anaendelea kutembea, hasimami kuijibu ya tatu.

"Niazime simu nitupie mkeka, ukitiki nusu yako."
"Simu siazimi."
"Yaani hata mimi mwanangu?"
"Siazimi. Twende zetu mpirani."

Hilo la mwisho lina nyongeza muhimu: anayekataa rafiki, si mtu baki, anahitaji kumpa njia ya kubaki rafiki. "Twende mpirani" inasema nimekataa mkeka (tiketi ya kubeti), sijakukataa wewe. Vijana wengi hukubali jambo baya kwa kuogopa kumpoteza mtu tu.

Onyesho moja lirudiwe mara tatu kwa kila kijana, la nne kwa kelele. Wiki moja onyesho moja: lifti ya bodaboda, mkeka, msokoto au shisha, picha ya utupu inayoombwa WhatsApp, na mtu mzima anayetoa zawadi na kusema "iwe siri yetu". Haya mawili ya mwisho wasichana na wavulana wayafanye mbalimbali, kila kundi na mwezeshaji wa jinsia yao, uwanjani panapoonekana. Na wavulana wasirukwe kwenye la siri, nao huviziwa.

Mahali panapoharibika sana ni hapa: nafasi ya mshawishi. Ukimpa kijana mchangamfu, atakuwa nyota wa siku. Ana maneno, ana mbwembwe, watu wanaangua kicheko, na darasa lote limejifunza kushawishi. Mshawishi awe mwezeshaji kila mara, sentensi zake ziwe mbili au tatu, na makofi yapigwe kwa aliyekataa.

Bipu mbili

Kuna mahali ambapo hapana haitoshi, kwa mfano kijana yuko mbali, usiku umeingia, walio naye ni wakubwa kuliko yeye. Hapo anahitaji mlango wa kutokea bila kuaibika. Panga hivi na mzazi: kijana anabipu mara mbili mfululizo. Mzazi anapiga papo hapo na kusema kwa sauti ya kusikika, "Rudi nyumbani sasa hivi, kuna mgeni." Kijana analalamika mbele ya wenzake kadiri anavyotaka, anaondoka na heshima yake. Asiye na salio atume ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa, asiye na simu aazime.

Mzazi ana masharti mawili: usiku ule hapaulizwi kitu, na maongezi ya kesho yake hayana fimbo. Akivunja mara moja, hapatakuwa na bipu nyingine. Ijaribuni kweli, Jumamosi mchana, kila nyumba. Wengi watagundua hapo kwamba mtoto hajui namba ya mama yake kwa kichwa. Imo kwenye simu tu. Aikariri, aiandike mara kumi kwenye daftari kama adhabu ya zamani.

Wiki ya 10 na ya 11: taarifa kamili, bila vitisho

Vijana wanaojua wanaweza kitu wako tayari kusikia takwimu. Magharibi mwa Kenya, utafiti wa Pascaline Dupas uliochapishwa mwaka 2011 ulihusu kipindi kimoja cha dakika 40, ambapo wanafunzi wa darasa la nane walionyeshwa viwango vya maambukizi ya VVU kwa umri na jinsia. Wasichana waliona kwamba wanaume wakubwa wameambukizwa zaidi kuliko wavulana wa rika lao. Mwaka uliofuata mimba kati yao zilipungua kwa asilimia 28. Mafunzo kwa walimu ya mtaala wa kitaifa, uliohimiza kujizuia tu, hayakupunguza mimba hizo. Kijana alihitaji kujua hatari ipi ni kubwa kuliko ipi. Kuambiwa "ngono ni hatari" hakumsaidii kupambanua. Mwalike muuguzi wa kituo cha afya kwa saa moja, na maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina, yakusanywe kwenye kopo.

Kubeti nako kuna hesabu yake, na inafanyika kwa sarafu. Mkeka wa mechi sita: hata kama kila chaguo lina nafasi sawa ya kupatia na kukosea, zote sita kutiki ni nafasi 1 kati ya 64. Rusheni sarafu, kila mtu mara sita, atafute vichwa sita mfululizo. Waache warushe robo saa. Hakuna mahubiri yanayofikia ukimya unaofuata.

Ziara za gerezani na picha za mapafu yaliyooza ziacheni. Programu za Marekani za kuwapeleka vijana gerezani ili waogope zilipochunguzwa, washiriki walikutwa wakivunja sheria zaidi kuliko wasioshiriki. Na usifungue duara la kuungama, eti kila mtu aeleze alipowahi kukosea. Siri inayotoka pale Jumamosi inakuwa mtaani Jumapili.

Mambo ambayo kujiamini hakuyatibu

Kijana anayejikata, anayezungumzia kufa, anayetetemeka asipopata unga (dawa za kulevya), au aliyefanyiwa ukatili, hahitaji jukumu la uhazini. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya. Namba 116 ni ya bure ya huduma kwa mtoto, Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa aliyebakwa saa zinahesabiwa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nenda hospitali, na polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kikao cha wazee cha kuyamaliza kifamilia kisikutangulie.

Wiki ya 12, na baada yake

Dodoso la "je, unajithamini?" halitakuambia mengi, kijana anajibu unachotaka kusikia. Hesabu vitu: zamu za maji zilizofanyika bila kukumbushwa, wangapi walizungumza kikaoni bila kutajwa, bipu ngapi zilipigwa na ngapi ziliitikiwa. Wiki ya 2 na ya 12, bandika namba hizo kwenye ukurasa mmoja wa kaunta buku, upande kwa upande. Namba ya bipu ikiwa sifuri usishangilie haraka. Waulize vijana kama mlango bado unafunguka.

Siku ya mwisho wazazi waje bustanini, si ukumbini, na kila kijana amwonyeshe mzazi wake tuta lake na ukurasa wake. Fulana na vyeti si lazima. Kisha funguo za stoo na kaunta buku vikabidhiwe kwa vijana wawili waliochaguliwa na wenzao, mmoja wa kike. Mwezeshaji arudi mara moja kwa mwezi, kwa miezi sita. Akifika aanze na ile safu ya "aliyeshuhudia": ikiwa na mapengo, akae nao siku hiyo; ikiwa imejaa, achukue jembe apalilie nao.